Palizi kwa Majira: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Magugu katika Bustani ya Nyumbani Ukanda wa Pwani

Chukua uma wa bustani mwezi wa Aprili, udongo ukiwa umekwisha kulowana kwa mvua za masika, uuchomeke mbali kidogo na shina moja la ndago, kisha uinue bonge zima la udongo na kulipukutisha taratibu kwa vidole. Chini ya majani utakuta kitako kilichonenepa, na kutoka hapo uzi mwembamba unaokwenda pembeni hadi kwenye kiazi cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga, kisha uzi huo unaendelea hadi kiazi cha pili, na cha tatu, mfano wa tasbihi. Vingi kati ya viazi hivyo vimelala. Kile kinachochipua ndicho kinachovizuia vingine visichipue, na uzi unapokatwa kwa jembe kizuizi hicho huondoka, kila kipande kikaamka na kutoa mmea wake. Ndiyo sababu mtu hulima kitalu cha maua mwezi wa Aprili kwa juhudi zote, akakiacha kikiwa safi, na baada ya majuma matatu akakuta ndago zimekuwa nyingi kuliko mwanzo.

Nimeanza na ndago kwa sababu ndilo gugu linalowakatisha tamaa watu wengi wenye bustani za miaka mingi katika Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Mombasa na Unguja, na kwa sababu linaonyesha wazi jambo ninalotaka lieleweke: palizi ina majira yake. Kazi kubwa ya kuondoa magugu ni ya miezi ya ukavu, na miezi ya mvua ni ya kuzuia yasizae. Wengi wetu hufanya kinyume, kwa kuwa hukumbuka magugu pale tu yanapoonekana.

Mwongozo huu unahusu bustani iliyokwisha kustawi, yenye miti, vichaka vya maua, zulia la nyasi na njia za kupita. Bustani ya namna hiyo haiwezi kulimwa yote upya kama shamba, kwa kuwa mizizi ya asumini, waridi na mdimu iko karibu na uso wa udongo na huumia kwa jembe. Kalenda ninayoifuata ni ya pwani: masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha joto kali Januari na Februari.

Yajue magugu kabla ya kushika chombo

Pita bustanini asubuhi ukiwa na daftari, uandike ni gugu gani liko wapi, kwa kuwa kila kundi lina udhaifu wake na kuyatendea yote kwa njia moja ni kupoteza nguvu.

Kundi la kwanza ni la magugu ya msimu mmoja yanayotegemea mbegu peke yake. Kishonanguo ndiye mkuu wao: mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu elfu kadhaa, nazo husafiri kwa suruali, kwa kanga na kwa manyoya ya paka. Mziwaziwa, ule mmea mdogo unaotoa utomvu mweupe na kupenda nyufa za sakafu, uko katika kundi hili, pamoja na mchicha pori na mbigiri wa njia za mchanga. Magugu haya ni rahisi kuua na ni mabaya kusahau, kwa sababu siku kumi za uzembe zinatosha kuleta kazi ya miaka.

Kundi la pili ni la yale yanayoishi chini ya ardhi hata majani yakiondolewa. Ndago imo humu, na ukoka pia unapovuka kutoka kwenye zulia na kuingia kwenye maua. Wenye bustani za nyanda za juu, kama Arusha na Nairobi, watamkuta sangari mahali pa ndago, mwenye mizizi mirefu myeupe yenye vifundo. Hatua nyingi zilizomo humu zinamfaa naye.

Kongwe, yenye ua la buluu, nimeitenga kwa makusudi. Mashina yake hutoa mizizi kila kifundo kinapogusa udongo, na zaidi ya maua unayoyaona juu, huwa na maua madogo yaliyofichika ardhini ambayo nayo hutoa mbegu. Ukikata sehemu ya juu peke yake hujaifanyia kitu. Huko bara kuna pia gugu karoti, lenye majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe. Hilo huwasha ngozi na kusumbua pumzi za watu wengi, kwa hiyo lisishikwe kamwe bila glavu na mikono mirefu, na ling'olewe kabla halijachanua.

Juni: masika yakiisha

Udongo bado una unyevu na magugu ya mbegu yamekomaa. Kazi ya kwanza ya juma la kwanza ni kuondoa vichwa vyenye mbegu, hata kabla ya kung'oa. Beba ndoo au kiroba, kata kila kichwa cha kishonanguo kwa mkasi na kukitia ndani moja kwa moja, bila kukiburura juu ya kitalu. Baada ya hapo ng'oa mmea wenyewe, ukishika karibu na udongo na kuvuta wima. Ukianza kwa kung'oa, mtikiso utamwaga mbegu zilizokauka, na utakuwa umepanda kwa mkono wako.

Mbigiri hutanda chini kama sahani na miiba yake hubaki mchangani hata mmea ukiondoka. Ikate kwa kisu chini kidogo ya shingo ya mzizi, iinue nzima kama unavyokunja mkeka, kisha chukua kipande cha zulia kuukuu, ukilaze mahali pale na kukikanyaga kwa viatu vigumu. Miiba itanasa kwenye zulia. Rudia mpaka kipande kitoke kitupu. Ni kazi ya dakika kumi inayowaokoa watoto wanaocheza pekupeku.

Julai na Agosti: wakati wa ndago

Haya ndiyo majuma yenye thamani kuliko yote, nami huyatumia kwa ndago kabla ya jambo lingine lolote. Udongo umekauka, mvua ni chache, upepo wa kusi unakausha kila kilichofunuliwa, na kiazi cha ndago hakivumilii kukauka.

Acha kumwagilia sehemu iliyovamiwa kwa juma moja au zaidi, ukibakiza maji ya mashina ya mimea yako peke yake kwa kopo au kwa bomba la matone. Kisha fanya kazi kwa vipande vidogo, mita moja kwa mita moja, wala usitamani kumaliza kitalu kizima kwa siku moja. Choma uma hadi kina cha sentimita 20, kwa kuwa viazi vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, na vichache huenda chini zaidi. Inua bonge, livunje kwa mkono, fuata uzi kutoka kiazi hadi kiazi, na uvitie vyote kwenye ndoo. Kipande ulichomaliza kiache wazi, kimepinduliwa, na udongo usisawazishwe. Viazi vilivyokuponyoka vikibaki juu ya udongo mkavu kwa juma moja hadi mawili ya jua, vingi vitakufa. Vilivyofunikwa vitabaki hai, kwa hiyo baada ya siku saba pindua tena kwa uma ili vya chini navyo vije juu.

Karibu na shina la waridi au asumini usichimbe hivyo. Hapo kata majani ya ndago kila yanapotokea, usawa wa udongo, na uendelee bila kukosa. Kila jani jipya linalipwa kwa akiba iliyomo kwenye kiazi, na mmea hauanzi kuirudisha akiba hiyo mpaka uwe na majani matano au sita. Viazi vipya huanza kutungwa majuma machache tu baada ya chipukizi kutokea. Ukikata kila baada ya majuma mawili, kiazi kinatumia na hakiingizi. Ukichelewa hadi majuma sita, umekilisha.

Nisiwafiche wasomaji: ndago iliyokaa miaka mingi haiishi kwa msimu mmoja. Viazi vilivyolala vinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa vikiwa hai. Lakini anayefanya kazi hii kwa kipupwe cha kwanza, akakata bila kukosa wakati wa vuli na masika, na kuirudia kipupwe kinachofuata, ataiona ikipungua kwa macho yake.

Septemba: matandazo na mipaka

Majuma mawili au matatu kabla ya vuli, fanya jambo ambalo wengi huliona la ajabu: mwagilia sehemu tupu za kitalu kana kwamba umepanda mbegu. Magugu yataota. Yakiwa na majani mawili tu, yakwangue kwa kijembe cha mkono siku ya jua, bila kuingia zaidi ya sentimita 2 chini, kwa maana ukichimba zaidi utazileta juu mbegu nyingine zilizolala. Ukiweza, rudia mara ya pili. Mbegu zilizokuwa zikisubiri mvua zitakuwa zimeota na kufa kabla mvua haijafika.

Hapo ndipo matandazo yanapowekwa. Pwani tumejaliwa vitu vya kutandaza: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya mwembe na mkungu, maganda ya mpunga, maranda kutoka kwa mafundi seremala. Makumbi ndiyo ninayoyapendelea, kwa kuwa hayaozi upesi na upepo hauyachukui. Maganda ya mpunga ni mazuri, ila huja na punje nzima zitakazoota, na kwa wepesi wake huhitaji kuloweshwa siku ya kwanza. Maranda mabichi yakichanganywa na udongo huinyima mimea naitrojeni, kwa hiyo yakae juu tu, yasifukiwe. Tandaza unene wa sentimita 7 hadi 10. Chini ya hapo mwanga unapenya na mbegu zinaota. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina lisioze, na nafasi pana zaidi kando ya ukuta wa nyumba, maana matandazo makavu yanayogusa ukuta ni njia ya mchwa.

Matandazo hayaizuii ndago. Ncha yake hutoboa hata karatasi ya nailoni. Inachokichukia ni kivuli cha majani hai, na hapa kuna dawa iliyo karibu nasi sana: marando ya viazi vitamu. Yapandwe mwanzoni mwa vuli kwenye sehemu wazi zilizochimbwa Julai. Yakishatanda, ndago hukosa jua na kudhoofika, nawe unapata matembele ya kupika. Panapokuwa na kivuli kamili cha vichaka vilivyokaribiana, ndago hubaki nyembamba na chache.

Kuhusu mpaka kati ya nyasi na maua, chimba mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 15 kwa jembe lililonolewa vizuri, upande wa zulia ukiwa wima, na kila mwezi pita ukikata mikono ya ukoka inayojaribu kuvuka. Matofali yaliyopangwa bila mfereji hayazuii kitu, kwani ukoka hupita chini yake.

Vuli

Kuanzia Oktoba hadi Desemba weka siku moja ya palizi kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, nayo isihamishwe. Fanya kazi asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na uanze na njia yenye magugu machache kuelekea kwenye mengi. Kongwe ing'olewe kwa uma pamoja na mizizi yake yote, na isiachwe juu ya udongo uliolowa, kwa sababu itaota upya palepale ilipolala.

Januari na Februari

Jua la miezi hii ni chombo cha kazi. Sehemu ya bustani isiyo na mimea, kama kitalu unachokusudia kukipanda upya, isawazishe, imwagilie mpaka maji yazame vizuri, kisha ifunike kwa nailoni inayoonyesha, kingo zikiwa zimefukiwa kwa udongo pande zote ili mvuke usitoke. Iache majuma manne hadi sita. Joto litakalojikusanya chini yake huua mbegu nyingi za tabaka la juu. Nailoni nyeusi haitoi joto kama hilo, kwani hupata moto yenyewe na kupitisha kidogo. Kwa viazi vya ndago vilivyo chini njia hii hupunguza tu, wala haimalizi. Usiitumie chini ya miti, kwa kuwa kivuli huondoa faida yake na joto huumiza mizizi.

Kwingineko mwagilia mimea, wala usimwagilie nafasi zilizo katikati yake.

Masika

Mwezi wa Machi, kabla mvua kubwa hazijaanza, ongeza matandazo mapya mahali pa yaliyooza na kusafisha michirizi ya maji, kwa kuwa maji yanayoingia kutoka barabarani na kwa majirani hubeba mbegu na viazi vya ndago. Mahali yanapoingilia, weka changarawe au kizuizi cha mawe, na pakague baada ya kila mvua kubwa.

Mvua zikishika, weka jembe ndani. Kulima udongo uliolowa huharibu umbile lake, hukata mizizi ya maua na huzigawa ndago. Kazi ya miezi hii ni mikono, mkasi na fyekeo: ng'oa kinachong'oka, kata kisichong'oka, na usiruhusu ua lolote la gugu kufikia mbegu. Kama muda ni mfupi, ondoa maua peke yake na uache majani. Utakuwa umetenda jambo lililo muhimu kuliko yote.

Zulia la nyasi

Zulia lenye afya ndilo kinga yake lenyewe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulinyoa mpaka udongo uonekane, kwa imani kwamba litachelewa kuota. Linapopata kipara, jua hufika ardhini na mbegu za magugu huota kabla ya nyasi kujiponya. Liache na urefu wa sentimita 4 hadi 5, likate mara kwa mara, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Mbolea iwekwe mwanzoni mwa mvua, wakati nyasi zinapoweza kuitumia. Kifauongo kikionekana, king'olewe na mzizi wake wote kikiwa bado kichanga, maana kikikomaa kitajilaza chini ya kisu cha mashine na kuendelea kuzaa, na miiba yake itawachoma wanaokaa hapo. Vipara vilivyobaki vizibwe kwa vipande vya nyasi zilezile siku hiyohiyo.

Dawa, kama ni lazima

Sikatazi viuagugu, ila katika bustani ya nyumbani naviweka mwisho. Nunua chupa iliyofungwa yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili. Kwa Tanzania usajili huo ni wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isinunuliwe wala isihifadhiwe nyumbani kamwe.

Glaifoseti huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, kwa hiyo kunyunyiza karibu na waridi ni kucheza na waridi lenyewe. Njia salama zaidi ni kufunga sponji kwenye kijiti, kuichovya na kuikamua mpaka isidondoshe, kisha kupaka jani la gugu moja moja, ukiwa umevaa glavu za mpira. Paka gugu likiwa linakua kwa nguvu, siku isiyo na upepo, na mvua isitarajiwe kwa saa sita. Gugu lililonyauka kwa kiangazi haliipokei dawa. Matokeo huonekana baada ya siku saba hadi kumi na nne, na kuongeza dozi hakuyaharakishi. Kongwe huistahimili dawa hii kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo iachie mikono. Dawa yenye 2,4-D huua magugu ya majani mapana ndani ya nyasi, lakini mvuke wake huweza kufika kwenye mpapai na nyanya zilizo jirani, na baadhi ya nyasi za zulia zenye majani mapana huungua. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha mita moja.

Chumvi na oili chafu zinazomwagwa kwenye nyufa za sakafu zisitumike. Chumvi huzama na kuua mizizi ya miti, na oili hufika kisimani. Maji yanayochemka yanatosha kwa mziwaziwa wa kwenye nyufa. Rudia baada ya juma moja.

Magugu yaliyong'olewa na mlango wa bustani

Majani yasiyo na mbegu yanaweza kwenda kwenye mboji. Vichwa vya mbegu, viazi vya ndago na mashina ya kongwe yasiende huko, kwa kuwa lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuyaua. Yatandaze juu ya bati kwenye jua mpaka yawe makavu ya kuvunjika, au yafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani kwa majuma kadhaa. Kuyatupa kwenye korongo nyuma ya ukuta ni kuyaweka mahali ambapo mvua itayarudisha.

Samadi mbichi huja na mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa salama; itumie ikiwa imeoza vizuri na haina joto tena. Udongo wa lori usimwagwe moja kwa moja kwenye vitalu. Chukua ndoo moja, utandaze mahali penye jua, umwagilie majuma matatu na uangalie kinachoota. Mche ulionunuliwa kwenye vitalu vya kando ya barabara utoe kwenye kiriba chake, ukague udongo wa pembeni na chini kama kuna nyuzi na viazi vyeusi, uondoe sentimita moja ya udongo wa juu, kisha uuweke sakafuni mwezi mmoja kabla ya kuupanda. Ukiona jani moja la ndago likichomoza hapo, osha mizizi yote kwa maji kwenye beseni, na yale maji yamwage mahali palipo na saruji, viazi vilivyobaki ndani ya beseni uvianike juu ya bati pamoja na vingine.